Walisema Ametulia

Siku tuliyomzika mama, kaka yangu kutoka Lusu, mtoto wa baba mkubwa, alisimama mbele ya waombolezaji akasema kwamba marehemu alikuwa mtu mtulivu. "Mama mdogo tulikaa naye vizuri," alisema. "Hakuwa na neno na mtu. Ukimweka hapa, anakaa hapa." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nyuma ya nyumba, fuso lililoleta maturubai na masufuria ya msiba lilikuwa linasogezwa kivulini, na moshi wake wa dizeli ukatujia pale kwenye mkeka, mzito, wenye joto. Nikanyanyuka nikatoka. Wanawake walidhani nimezidiwa na kilio. Sikuwa nimezidiwa na kilio. Nilikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa na harufu ya dizeli na jasho la punda.

Wenzangu wa umri wangu mliokulia upande wetu mnajua punda alikuwa nani nyumbani. Alikuwa bomba kabla ya bomba. Alikuwa gari la kwenda mashineni na la kurudi na unga. Ng'ombe alikuwa na nyimbo zake, mbuzi alikuwa na sikukuu zake. Punda alikuwa na fimbo. "Punda haumwi," watu walisema, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika.

Mama alikuwa na punda wawili. Dume aliitwa Diwani, maana alipiga kelele kila alfajiri mpaka kijiji kizima kikaamka, kisha mwenyewe hakufanya kazi yoyote mpaka jua lipande. Jike aliitwa Pili. Siku mama alipoolewa, babu alimswaga punda mmoja kwa miguu kutoka kwao, kando ya Kipalapala, mpaka Lusu, akamkabidhi binti yake, akasema hataki kusikia kwamba shingo yake imevunjika kwa ndoo za watu. Pili alikuwa mtoto wa punda yule. Diwani alikuja baadaye, kwa mtama ambao mama aliulima kwa mikono yake. Wale wawili walivuta mkokoteni mmoja, bega kwa bega, na ukimpeleka mmoja kisimani, mwingine alifuata bila kuitwa. Pili alikuwa mweupe puani, kama mtu aliyechovya uso kwenye unga. Mwaka ule alikuwa na mimba.

Baba alifariki nikiwa bado na mapengo ya meno ya utoto. Matanga yalipoanuliwa, baba mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, aliwakusanya wazee uani. Akasema shamba ni la ukoo. Akasema mama Kabula bado kijana, si haki kumfunga kwenye nyumba ya marehemu, basi arudishwe kwao na mtoto wake. Hakusema kwa ukali. Alisema kwa upole, kama mtu anayemwondoa kuku jamvini. Mama alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, mikono juu ya mapaja, anatazama kucha zake. Hakusema kitu.

"Mnaona?" baba mkubwa aliwaambia wazee. "Ametulia. Ameelewa."

Nami nikaamini. Mtoto huamini midomo ya wakubwa kuliko macho yake mwenyewe. Niliona kidole gumba cha mama kinavyokwaruza kidole cha pili mpaka ngozi ikabanduka, lakini kwa kuwa wazee walisema ametulia, nikajua ametulia. Nikafurahi. Nilidhani tunakwenda kwa babu kutembea, na kwamba tutarudi wakati wa mavuno.

Kwa desturi ya wazee wetu, mjane anayerudishwa kwao hatupwi njiani. Mkubwa wa ukoo anamsindikiza mpaka mlangoni kwa wazazi wake, na kwa mdomo wake anatamka: huyu hapa, mzima, na vitu vyake. Mkwe akiitikia, basi. Hakuna anayemdai mwenzake neno. Lakini mwanamke akifika peke yake, vumbi miguuni, mji mzima unajua kilichotokea huko alikotoka. Baba mkubwa alikuwa mtu wa desturi. Alimwondoa mama kwenye shamba lake, lakini alitaka amwondoe kwa heshima. Ndiyo maana akakodi fuso.

Dereva alikuwa mtu wa Tabora mjini, jina lake Sefu, kofia ya kushona kichwani, mdomo hauishi maneno. Alirudisha gari kinyumenyume mpaka kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya mnada. Kichuguu kile kilikuwa kimekatwa juu kikawa bapa, sawasawa na kimo cha bodi la gari, na ng'ombe wote wa Lusu waliowahi kuondoka waliondokea pale. Vijana wakamfunika Diwani gunia machoni. Diwani akapiga mateke, akang'ata kamba, akaketi chini kama mlevi. Wakamsokota mkia.

"Diwani anasusia kikao!" mmoja akapiga kelele, na watu wakacheka mpaka wakashika magoti.

Pili hakususia. Walipomvuta alikwenda, shingo imekaza, hatua fupifupi, kama anayetembea usingizini.

"Huyu ndiye punda sasa," Sefu akasema, akimpiga kofi mgongoni. "Katulia kama bibi harusi."

Kwa kuwa Diwani alikuwa msumbufu, walimfunga mbele kabisa, karibu na kichwa cha gari. Pili wakamfunga nyuma, kwenye mlango wa bodi. Katikati yao wakapanga kitanda chetu, magunia, na godoro. Mama akasema, "Msiwatenganishe." Alisema kwa sauti ndogo sana. Nadhani ni mimi tu niliyesikia. Kisha tukapanda nyuma, mimi na yeye, na baba mkubwa akapanda mbele kwa dereva na koti lake la kanisani.

Sitasahau furaha yangu. Sikuwahi kupanda gari juu namna ile. Miti ilikuwa inakimbia kurudi nyuma, watoto wa vijiji vingine walitupungia, na upepo uliingia kwenye mapengo yangu ya meno ukapiga mluzi. Nilikaa kwenye godoro karibu na Pili. Masikio yake yalikuwa yamesimama wima, macho yamefunguka kuliko siku zote, na hakutafuna chochote. Nikajua anatazama nchi kama mimi. Nikamwonyesha: "Pili, tazama, mbuni!" Hakuwa mbuni, alikuwa korongo.

Kila kona ya barabara, Pili alipanua miguu. Sakafu ya bodi ilikuwa bati, na lile bati lilikuwa limelainika kwa samadi ya safari za wengine. Kwato ziliteleza, zikakwaruza, zikateleza. Nikaona ngozi yake inatetemeka begani, mahali ambapo hapakuwa na nzi. Nikaona jasho nyuma ya masikio, na chini ya tumbo, likitiririka, ilhali upepo ulikuwa wa baridi. Harufu yake haikuwa ile ya kazi, ya majani na vumbi. Ilikuwa kali, kama chuma kilichopata moto. Nami kwa akili yangu nikasema ni malaria. Mimi mwenyewe nilitetemeka hivyohivyo na kutoka jasho hivyohivyo nilipougua malaria. Nikavua kitenge changu nikamfunika mgongoni, nikamwambia apone haraka.

Mama alikuwa ananitazama. Alimtazama Pili, akakitazama kitenge, akamtazama tena Pili. Alitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma jina lake kwenye ukuta, asijue nani ameliandika.

Karibu na Puge gari likasimama ili Sefu anywe chai. Utingo akaleta ndoo ya maji. Diwani alikunywa, akamwaga, akanywa tena. Pili alipowekewa ndoo mdomoni hakuinamisha hata kichwa. Mama akalowesha mkono, akampaka maji midomoni. Midomo ilikuwa imekaza kama ngozi ya ngoma. Mama akaweka kiganja tumboni kwa Pili, kisha akaweka sikio, akakaa hivyo. Alipoinuka sikuitambua sura yake.

Akashuka. Baba mkubwa alikuwa kwenye benchi la mama ntilie, andazi mkononi.

"Shemeji," mama alisema, "naomba punda wangu washushwe."

"Washushwe waende wapi?"

"Chini."

Sefu akacheka chai ikamtoka puani. "Mama, Tabora bado. Hapa unashusha punda, unakwenda naye wapi, kunywa soda?"

"Dume tunajua ni mkorofi," baba mkubwa akasema, bado kwa upole. "Lakini jike lina shida gani? Tangu asubuhi limetulia."

"Hajatulia." Mama hakupandisha sauti, ila sasa kila mtu pale aliisikia. "Tangu asubuhi hajanywa, hajatafuna, hajakojoa. Punda akiogopa hakimbii kama mbuzi, shemeji. Anaganda. Mnamwona amesimama, mnasema ametulia, na ndani mtoto anakufa."

"Ni mnyama, mama Kabula."

"Na mimi je? Mimi pia mlisema nimetulia."

Mama ntilie aliacha kukoroga uji. Utingo akajidai anakagua tairi. Baba mkubwa aliliweka andazi lake kwenye sahani polepole, akaifuta mikono.

"Panda gari. Watu wanatutazama."

"Waache watazame."

"Unajua ukifika kwenu kwa miguu wazazi wako watasemaje juu yangu?"

"Watasema walichokiona."

"Nitawaambia ulikataa mwenyewe!" Upole ulikuwa umekwisha. "Nitawaambia nilileta gari, ukashuka, ukanijibu mbele ya kadamnasi!"

"Waambie hivyohivyo," mama akasema. "Nataka waje wasikie kwamba nilikataa. Kule uani sikukataa, na ndiyo dhambi niliyojifanyia."

Baba mkubwa akamgeukia dereva kama mtu anayemgeukia hakimu. Sefu alikuna kichwa chini ya kofia. "Mzee wangu," alisema, "wewe ndiye uliyenikodi, sawa. Lakini yule jike akinifia humu, wewe utashuka Tabora, na harufu nitabaki nayo mimi." Kisha akamgeukia mama. "Ila mama, kichuguu kiko wapi hapa? Nitawashusha kwa parachuti?"

Mama akanyoosha mkono. Ng'ambo ya mabani ya kukaushia tumbaku palikuwa na kichuguu, chekundu, kirefu kumpita Sefu, upande mmoja kimeporomoka. Sefu akalirudisha gari kinyumenyume mpaka pale, wakakikata juu kwa jembe la jirani. Mama mwenyewe alikata. Nilimwona amefunga kanga kiunoni, anapiga jembe kama anayechimba kitu kilichozikwa kikiwa hai.

Pili alikuwa karibu zaidi na mlango, hivyo walianza naye. Hakusogea. Wakamvuta, wakamsukuma, utingo akaushika mkia, mama akamwambia auache. "Anzeni na Diwani," alisema. Wakahamisha kitanda, magunia na godoro, Diwani akapitishwa ubavuni kwa Pili, akashuka kichuguuni huku akiteleza na kutukana kwa lugha yake. Alipofika chini, akageuka. Akamwona mwenzake amebaki juu. Akafungua kinywa akalia, ule mlio uliokuwa unatuamsha Lusu, na ndege wote wakatoka kwenye miti nyuma ya mabani.

Sikio moja la Pili likageuka. Kisha la pili. Akapumua, pumzi ndefu iliyotoka kwa kutetemeka, akaweka mguu kwenye udongo, akauacha pale kidogo kana kwamba anauliza, kisha akashuka. Alipofika bega kwa bega na Diwani alipanua miguu akakojoa. Alikojoa, alikojoa, mpaka vumbi likawa mto, kuku wakakimbia.

"Duh!" utingo akapiga kelele. "Kumbe alikuwa amebeba bwawa la Igombe!"

Kila mtu akacheka. Mama akacheka. Tangu baba afariki sikuwa nimemsikia, na nilishangaa kwamba kicheko chake kilikuwa kinene namna ile, cha kutoka tumboni, si cha mtu mtulivu hata kidogo.

Tulipokuwa tunawabebesha punda magunia, Sefu alishindwa kuuzuia ulimi wake. "Mnyamwezi bwana! Umpe gari, bado atatafuta njia ya miguu. Babu zenu pembe za ndovu mabegani mpaka pwani, na nyinyi hamjaacha!"

Mama alikaza kamba kwa goti. "Babu zetu walibeba mizigo ya watu," alisema. "Mimi leo nabeba wangu."

Sefu alikwenda kwenye benchi, akarudi na maandazi yamefungwa kwenye gazeti, akanipa mimi, akapanda gari lake. Fuso likaondoka na kitanda, na godoro, na baba mkubwa anayetazama mbele.

Hapo ndipo nikalia. Nililia godoro. Nililia upepo. Nilimwambia mama kwamba Pili alikuwa amefurahi juu ya gari, mimi nilimwona.

"Kabula," mama alisema, "lia, lakini lia huku unatembea."

Wazee wanasema ile lami imelala juu ya njia ya misafara mahali pengine, na mahali pengine njia ya zamani imejiondokea zake ndani ya miombo. Sisi tulifuata ile iliyojiondokea, kwenye mchanga na kivuli, kwa sababu kwato za punda hazipendi lami. Tulikula maandazi, kisha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga tulizobeba. Tulilala kwa watu. Nakumbuka mama mmoja Mmoraviani aliyetuandalia mkeka na kutuuliza bila kuzunguka, "Wamekurudisha?"

"Walianza kunirudisha," mama akajibu. "Nikamalizia mwenyewe."

Njiani nikamgundua mama yangu. Aliongea. Aliongea na punda kwa Kinyamwezi, akaongea nami kwa Kiswahili, akaongea na baba aliyekuwa kaburini, akamgombeza kwa kufa mapema na kumwachia ndugu kama wale. Aliimba nyimbo za kulima ingawa hakuna tulichokuwa tunalima. Nilidhani jua limempanda kichwani. Ilinichukua miaka kujua kwamba sauti ile ilikuwa yake siku zote, ila kule Lusu ilikuwa imesimama juu ya bati linaloteleza, miguu imepanuliwa, isianguke.

Pili alianza kunywa kwenye kidimbwi cha kwanza tulichokuta. Alianza kutafuna. Asubuhi moja, mama akiwa anampakia mizigo, aliniita, akakichukua kiganja changu akakibandika chini ya tumbo lile la moto. Nikasubiri. Kitu kikanigonga, kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi kwa ngumi.

"Anapiga teke!" nikasema.

"Anakataa," mama akasema. "Mwache akatae."

Tulipita Tabora mjini mchana, watu madukani wakatutazama, na mama hakuinamisha uso. Kwenye barabara ya Kipalapala tulikutana na wanafunzi wa upadre wanatoka shamba na majembe, wakatusalimu, "Shikamoo mama," na mama akaitikia "Marahaba" kwa sauti ya mtu anayefika kwake. Uani kwa babu, kitanda chetu na godoro vilikuwa vimeegemezwa ukutani kama vitu vya marehemu. Baba mkubwa alikuwa ameshafika, ameshasema, ameshaondoka.

Babu alikuwa amesimama. Mama akapiga goti, akamwamkia.

"Shemeji yako anasema ulikataa gari," babu akasema.

"Nilikataa."

"Anasema ulimjibu mbele za watu."

"Nilimjibu."

Babu alitazama miguu yangu iliyokuwa nyeupe kwa vumbi. Akamtazama Pili, tumbo lake, pua yake ya unga. Kisha akapaza sauti kuelekea jikoni: "Leteni maji! Waanze punda."

Shamba la Lusu hatukulipata. Mkisikia mtu anawaambia kwamba mwanamke akikataa kitu kimoja vingine vyote vinarudi, msimwamini. Lakini Pili alizaa mvua zilipoanza, jike, miguu mirefu kama ya meza, na kwa mkokoteni wa wale watatu mama alichotea nusu ya mtaa maji, akanisomesha, akagombana na mwenyekiti, na kwaya, na mwalimu wangu wa hesabu. Kila aliyemjua hapa anajua alivyokuwa anagombana. Lusu peke yake ndiko hawakuwahi kumsikia.

Kwa hiyo siku ya msiba nilirudi ndani ya turubai. Kaka yangu alikuwa hajakaa. Nikasimama mbele yake, mbele ya watu wote, nikasema: "Mama yangu hakuwa mtulivu." Nikawasimulia kichuguu cha Puge. Wazee walicheka nilipofika kwenye bwawa la Igombe. Kaka yangu alisikiliza mpaka mwisho akitazama kucha zake. Yeye pia alikuwa mtoto siku ile. Naye aliambiwa mama ametulia, akaamini.

Ulipofika muda wa kwenda makaburini, fuso lilikuwa limerudishwa kinyumenyume mpaka uani, mlango wa nyuma uko wazi, jeneza lipakiwe. Nikasema hapana. Wakasema ni mbali, jua kali, gari limeshalipiwa mafuta. Nikasema litangulie na masufuria. Vijana wa mtaa, wale waliokunywa maji ya punda wetu, waliinua jeneza mabegani. Kaka yangu alisimama kidogo karibu na gari. Kisha akaja, akavua koti, akaweka bega lake.

Nilitangulia mbele. Njia ilikuwa ya mchanga, na mahali fulani nyuma ya nyumba za watu mjukuu wa Pili alikuwa analia ile sauti ya kuamsha kijiji. Mzee mmoja nyuma yangu akawaambia wabebaji, kwa huruma, "Taratibu, vijana, taratibu. Mama ametulia sasa."

Sikugeuka.

"Hajatulia," nikasema. "Tembeeni."